Nyota 728 Zinatosha: Kutengeneza Anga la Usiku kwa Programu ya Kuhariri Picha

Maelekezo ya kutengeneza anga la usiku kwa kompyuta yamejaa mtandaoni, na karibu yote yanafanana. Fungua ukurasa mweusi. Mwaga chengachenga, zile kama za televisheni iliyopoteza mawimbi. Tia ukungu kidogo, ongeza mwanga, bandika mwezi pembeni, kazi imeisha. Dakika tano tu.

Lakini hebu itazame picha yenyewe. Kuna kitu hakijakaa sawa. Nyota zimetapakaa kama unga uliomwagika kwenye kitambaa cheusi, zote zinalingana, zote nyeupe, na mwezi ni mkubwa kama sinia. Hata mtu ambaye hajasoma elimu ya anga hata siku moja atahisi kwamba hiyo ni "picha ya kompyuta", ingawa hawezi kukwambia kosa liko wapi. Macho yake yanajua, maana yamelitazama anga halisi tangu utotoni.

Katika makala hii tunatengeneza anga moja, mwanzo hadi mwisho, kwa kufuata sheria chache za mwanga. Tunataka mambo mawili kwa mpigo: upate picha nzuri, na ukimaliza uwe unalijua anga lenyewe kuliko ulivyoanza. Na lipo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: mtu anayejua picha ya anga inavyotengenezwa si rahisi kudanganywa na picha ya anga.

Tutatumia GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1990. Haidai kompyuta ya bei mbaya. Kama umezoea Photoshop au Krita, hatua ni zilezile, majina ya menyu tu ndiyo yanabadilika.

1. Kwanza chagua mahali, tarehe na saa

Hakuna "anga la usiku" kwa ujumla. Kuna anga la mahali fulani, saa fulani, ukiangalia upande fulani. Picha nyingi zinazosambaa mtandaoni zimepigwa kaskazini mwa dunia: Nyota ya Kaskazini imetulia, na nyingine zinachora miduara kuizunguka. Zinapendeza, ila si anga letu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Nyota ya Kaskazini haichomozi kabisa. Ukiichora juu ya mbuyu wa Bagamoyo, umechora kitu ambacho hakuna mtu wa Bagamoyo aliyewahi kukiona akiwa kwao.

Kwa hiyo tuchague kwetu. Tumesimama Kizimkazi, ncha ya kusini ya kisiwa cha Unguja. Ni katikati ya Mei, saa tatu na nusu usiku, mawingu yamepisha na mwezi haupo. Tunaangalia kusini, baharini.

Kwa nini Mei na kwa nini saa hiyo? Kwa sababu wakati huo Msalaba wa Kusini unakuwa umesimama wima juu ya upande wa kusini, katika kimo chake cha juu kabisa. Hesabu yake ni nyepesi. Katikati ya Msalaba ni nyuzi 60 kusini mwa ikweta ya anga. Kizimkazi ni nyuzi 6.4 kusini mwa ikweta ya dunia. Toa 6.4 kwenye 60, unapata 53.6; hiyo ndiyo pembe kutoka utosini kushuka hadi kwenye Msalaba. Toa tena hiyo kwenye 90, unabaki na takriban nyuzi 36 kutoka upeo wa bahari. Yaani kama ngumi tatu na nusu ukinyoosha mkono, kwa sababu ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika karibu nyuzi 10.

2. Geuza nyuzi kuwa pikseli

Fungua picha mpya ya pikseli 4000 kwa 3000. Kamera kuu ya simu nyingi huona upana wa takriban nyuzi 70, kwa hiyo tuseme picha yetu nayo inaona hivyohivyo. Gawanya 4000 kwa 70: kila nyuzi moja ni pikseli 57 hivi. Lenzi halisi huvuta kidogo pembeni, lakini kwa kazi yetu makadirio haya yanatosha.

Sasa una rula ya kupimia anga. Msalaba wa Kusini una urefu wa nyuzi 6, basi ni pikseli 340. Upana wake ni kama nyuzi 4, pikseli 240. Mkanda wa Jabari, zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ni chini kidogo ya nyuzi 3, kama pikseli 150. Na mwezi mpevu? Nusu nyuzi tu. Pikseli 29 kati ya 4000!

Hapo ndipo watu wengi hushangaa. Tunauona mwezi mkubwa kwa sababu ubongo unauhusudu, hasa ukiwa karibu na upeo. Kamera haina hisia hizo. Ndiyo maana ukiupiga mwezi kwa simu bila kuvuta karibu unapata kidoa cheupe, halafu unailaumu simu bure. Simu imesema kweli.

Chora mstari wa bahari pikseli 400 kutoka chini. Katikati ya Msalaba itakaa pikseli 2050 hivi juu ya mstari huo, na pikseli 550 chini ya ukingo wa juu. Mpaka hapa hatujachora nyota hata moja, lakini picha tayari ina mpango.

3. Nyota ngapi?

Jibu la wengi ni "mamilioni". Jibu la macho ni dogo zaidi. Orodha maarufu ya nyota angavu ya Chuo Kikuu cha Yale ina vipengele 9,110, na hiyo inajumlisha karibu kila nyota ambayo jicho zima linaweza kuiona penye giza la kweli, kwa anga lote, kaskazini na kusini. Wakati wowote ule nusu yake iko chini ya miguu yetu.

Picha yetu inafunika kama asilimia 9 ya anga lote. Asilimia 9 ya 9,000 ni takriban 800. Basi. Ukizimwaga 20,000 picha inakataa, kwa sababu jicho halijawahi kuziona zote hizo kwa wakati mmoja.

Lakini idadi peke yake haitoshi, inabidi ujue mgawanyo. Wagiriki wa kale waligawa nyota katika madaraja sita ya mng'ao, la kwanza likiwa la zile zinazong'aa zaidi na la sita la zile ambazo jicho huziona kwa taabu. Nasi tunaendelea na madaraja hayo. Ukizihesabu nyota unakuta kanuni moja nzuri: ukishuka daraja moja, idadi huongezeka karibu mara tatu. Kwa picha ya ukubwa wetu, mapishi ni haya:

Daraja la 1: nyota 2
Daraja la 2: nyota 6
Daraja la 3: nyota 18
Daraja la 4: nyota 54
Daraja la 5: nyota 162
Daraja la 6: nyota 486

Jumla ni 728. Angalia zaidi ya nusu ziko wapi: kwenye daraja hafifu kabisa. Anga halisi lina mabwana wachache na umati wa watu wa kawaida, na picha inayowafanya wote mabwana inakosa uhai.

Mapishi haya ni ya wastani. Sehemu yetu imependelewa: badala ya nyota 2 kubwa ina 5, kwa kuwa tunaangalia moja kwa moja kwenye Njia ya Maziwa. Hizo 5 tutazipanda kwa mkono, nyingine zote tutaiachia bahati.

Bahati tunaipataje? Tengeneza tabaka jipya jeusi. Nenda Filters, kisha Noise, kisha Hurl, uweke asilimia 100. Kila pikseli itapewa rangi ya kubahatisha. Ondoa rangi kwa Colors, Desaturate. Halafu nenda Colors, Threshold, na usogeze kitelezi karibu kabisa na mwisho wa kulia. Chengachenga zitazimika moja baada ya nyingine mpaka zibaki nukta chache nyeupe. Fungua dirisha la Histogram, chagua upande mweupe kabisa, usome idadi ya pikseli zilizobaki. Ukikaribia 486, daraja la sita limekamilika. Rudia kwa madaraja mengine, kila moja kwenye tabaka lake na kwa chengachenga mpya, na aina ya mchanganyiko wa matabaka hayo uiweke Addition, kwa sababu mwanga hujumlishwa juu ya mwanga.

Usizipange nyota kwa mkono ili "zipendeze". Binadamu akiambiwa atawanye nukta ovyoovyo huziachanisha kwa adabu, kila moja na nafasi yake. Bahati ya kweli haina adabu: hapa nne zimebanana, pale kuna uwazi mtupu. Anga liko hivyo.

4. Kung'aa kunageuka kuwa ukubwa

Mwaka 1856 Norman Pogson aliyapa madaraja hesabu kamili: tofauti ya madaraja matano ni mara 100 ya mwanga. Kwa hiyo daraja moja ni kama mara 2.5.

Sasa sikiliza, hapa pana mtego. Namba za rangi kwenye kompyuta, 0 hadi 255, hazipimi mwanga moja kwa moja. Zimepindwa zifanane na jicho, ambalo hutofautisha vizuri zaidi vivuli vya giza. Pikseli yenye 128 haitoi nusu ya mwanga wa 255. Inatoa kama asilimia 22 tu. Ukitaka nusu ya mwanga, andika 188. Kwa hiyo anayegawanya 255 kwa 2.5 na kuandika 102 amezizima nyota zake kupita kiasi.

Hesabu iliyonyooshwa ni hii. Tuipe nyota ya daraja la 3 pikseli moja ya 255. Daraja la 4 inakuwa 170, la 5 inakuwa 111, la 6 inakuwa 71. Kama programu yako inaonyesha mizani ya 0 hadi 100, ni 67, 44 na 28. Fungua Colors, Levels, na kwenye Output Levels badilisha kikomo cha juu cha kila tabaka kiwe namba hiyo.

Na daraja la 2 na la 1 je? Haziwezi kuzidi 255, kioo kimefika mwisho. Mwanga uliozidi unapaswa kwenda mahali, na kwenye kamera halisi humwagikia pikseli za jirani. Basi nyota ya daraja la 2 ipe pikseli 2 au 3, ya daraja la 1 ipe kama 6, kisha juu yake tia Gaussian Blur kidogo sana ili kingo zilainike.

Ndo maana kwenye picha nyota angavu huonekana kubwa zaidi. Haina uhusiano na ukubwa wake wa kweli. Nyota ziko mbali mno kiasi kwamba kwa jicho na kwa kamera ya kawaida kila moja ni nukta tupu. Kinachokua ni doa la mwanga.

Neno moja kuhusu ile miale inayochomoza kwenye nyota kama msalaba: usiiweke kwa mazoea. Miale hiyo hutokana na chombo. Darubini ya Hubble huonyesha minne kwa sababu kioo chake cha pili kimeshikiliwa na vyuma vinne. Darubini ya James Webb huonyesha sita mikubwa na miwili midogo, kutokana na umbo la vioo vyake na nguzo zake. Ukiweka miale minne kwenye picha unayosema umeiona kwa macho Kizimkazi, umejisaliti.

5. Rangi: Msalaba wenye nyota moja ya chungwa

Rangi ya nyota ni kipimo cha joto la uso wake. Kama chuma kwenye moto wa mhunzi: kwanza chekundu, halafu cha njano, kikizidi huwa cheupe. Nyota huenda mbele zaidi, zikawa za samawati.

Sasa tupande zile tano zetu, na utaona somo lote la joto ndani ya kipande kimoja cha anga. Juu kabisa ya Msalaba weka Gacrux. Hii ni jitu jekundu, uso wake ni baridi kwa kiwango cha nyota, chini ya kelvini 4,000. Rangi yake kwenye kompyuta ni takriban 255, 200, 150. Chini kabisa weka Acrux na mkono wa kushoto weka Mimosa, zote zina joto la zaidi ya kelvini 20,000: takriban 170, 195, 255. Mkono wa kulia una nyota hafifu zaidi ya daraja la 3, nayo ya samawati. Na chini kidogo yake, kuelekea katikati, ipo ya tano ya Msalaba, ndogo, ya daraja la 4, yenye rangi ya chungwa.

Halafu nenda kushoto kwa Mimosa karibu nyuzi 10, pikseli 550. Hapo kaa Hadar, ya samawati. Mbele yake kidogo, nyuzi 4 na nusu zaidi kushoto na chini, weka Alfa Kentauri, ing'aayo kuliko zote tano. Hiyo ipe 255, 242, 230, karibu nyeupe yenye umanjano, kwa sababu joto lake halipishani sana na la Jua letu. Ni jirani: mwanga wake unatumia miaka 4 na kidogo kutufikia. Mwanga wa Acrux unatumia zaidi ya miaka 300. Zinaonekana ziko pamoja, kumbe moja iko uani na nyingine ng'ambo ya bahari.

Rangi itie kwenye kingo za doa tu, katikati ibaki nyeupe, maana pale kamera imeshajaa. Na usiipake kwenye nyota hafifu. Penye mwanga mdogo jicho hutumia seli zisizotambua rangi, kwa hiyo nyota za daraja la 5 na la 6 zinabaki za kijivu. Rangi ya kijani isahau kabisa. Nyota yenye kilele cha mwanga kwenye kijani hutoa pia nyekundu na samawati kwa wingi, vikichanganyika jicho linaona nyeupe.

6. Anga si jeusi

Hata penye giza totoro hewa ya juu ya dunia inatoa mwanga hafifu wake yenyewe. Kwa hiyo chini ya matabaka yote ya nyota weka mteremko wa rangi: juu samawati iliyokolea karibu na nyeusi, thamani kama 12, ukishuka kuelekea bahari ipande hadi kama 30.

Utakutana na tatizo papo hapo. Kutoka 12 hadi 30 kuna hatua 18 tu, na anga letu lina pikseli 2600 kwenda chini. Kila hatua inakuwa mstari wa pikseli 144, na mistari hiyo inaonekana kama ngazi. Dawa ni mbili. Kabla ya kuanza, ingia Image, Precision, uchague biti 16. Na mwishoni, kabla ya kuhifadhi kama JPEG, mwagia anga lote chengachenga nyepesi sana, zisizoonekana kwa urahisi. Chengachenga zinavunja ngazi. Kamera halisi inazo kwa asili, ndiyo sababu picha halisi hazina ngazi hizo.

Kisha punguza nyota karibu na upeo. Ukiangalia utosini, mwanga unapita kwenye unene mmoja wa hewa. Kwenye kimo cha nyuzi 30 unapita unene mara mbili. Kwenye nyuzi 10, ambazo kwetu ni pikseli 570 juu ya bahari, mara 5 na nusu. Hewa hiyo inakula mwanga, hasa wa samawati. Weka barakoa ya mteremko juu ya matabaka ya nyota ili za madaraja hafifu zipotee zikikaribia bahari, na zile zinazobaki ziwe na wekundu kidogo. Hii hatua moja inafanya kazi kuliko ujanja mwingine wowote. Ukiikosa, nyota zinagusa maji kama zilizobandikwa ukutani.

Na kuna jambo la Kizimkazi hasa. Kusini-magharibi, ng'ambo ya maji kama kilomita 45, iko Dar es Salaam. Mji wa mamilioni ya watu haufichiki. Chini kulia mwa picha tia kuba la mwanga, jeupe lenye umanjano, hafifu, na ufute nyota ndogo zilizo ndani yake. Hakuna mtu anayependa kuliona doa hilo, lakini ndilo linaloipa picha anwani.

7. Njia ya Maziwa

Saa hiyo ya Mei, Njia ya Maziwa inapita kwenye Msalaba ikiwa karibu mlalo, ikaendelea kushoto kupitia Hadar na Alfa Kentauri. Chora ukanda kwa brashi laini, kijivu hafifu. Tabaka lake litie barakoa, kisha kwenye barakoa hiyo tumia Filters, Render, Noise, Solid Noise ili ukanda uwe na mabonge kama wingu.

Sasa chukua kifutio. Kushoto chini ya Msalaba, kati ya Acrux na Mimosa kwenda nje, futa doa la giza lenye upana wa nyuzi 5 hivi. Hilo ni Gunia la Makaa. Linaonekana kama tundu, lakini ni kinyume chake: ni wingu zito la vumbi linaloziba nyota za nyuma yake. Kwenye anga la kusini, giza nalo ni kitu cha kuchorwa.

Usiipake zambarau na waridi. Kwa macho Njia ya Maziwa ni ya kijivu. Rangi kali unazoziona kwenye picha zimetoka kwenye kamera iliyoacha lenzi wazi kwa muda mrefu na mhariri aliyezikoleza. Ukitaka kuiga picha ya aina hiyo, sawa, ila hapo nyota nazo ziongeze ziwe maelfu, kwa sababu kamera hiyo ingeziona. Huwezi kuchukua rangi za kamera na hesabu ya jicho kwenye picha moja.

8. Mwezi usiubandike

Kishawishi cha mwisho ni mwezi. Kwenye picha hii, hapana. Njia ya mwezi haitoki nje ya nyuzi 29 hivi, kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga. Msalaba uko nyuzi 60. Hakuna usiku hata mmoja ambao mwezi hupita jirani na Msalaba wa Kusini, na sayari kama Zuhura na Mshtarii nazo haziendi huko. Picha inayouweka mwezi kando ya Msalaba ni ya kubuni, hata ikiwa nzuri namna gani.

Siku ukichora upande wa magharibi baada ya jua kuzama, mwezi mwandamo una nafasi yake. Huku kwetu karibu na ikweta hulala kama mtumbwi, pembe zote mbili zikielekea juu, wakati kaskazini ya mbali husimama kwa ubavu. Na kamwe usiweke nyota katikati ya pembe zake. Pale ambapo panaonekana patupu pana mwezi wenyewe, ule upande usiomulikwa na jua, na nyota haiwezi kuonekana kupitia jiwe.

Kwa nini tunahangaika hivi

Mtu anaweza kuuliza: kwani nani atahesabu? Ni picha tu ya kuweka kwenye simu.

Tarehe 31 Julai 2022, wiki chache baada ya picha za kwanza za darubini ya James Webb kutolewa, mwanafizikia Mfaransa Étienne Klein aliweka mtandaoni picha ya duara jekundu lenye madoa, akasema ni nyota ya Proxima Centauri iliyopigwa na Webb. Watu wengi waliamini. Ilikuwa kipande cha soseji. Baadaye alieleza kwamba ulikuwa utani, akaomba radhi, akasema alitaka kuwakumbusha watu wasiamini kitu kwa sababu tu kimesemwa na mtu mwenye cheo.

Msomaji aliyefika hapa angesita mwenyewe. Proxima ni nyota ndogo nyekundu, hafifu kiasi kwamba haionekani kwa macho ingawa ndiyo jirani yetu wa karibu kuliko zote. Na nyota ni nukta. Uso wenye madoa ya wazi hivyo ungetoka wapi? Elimu iliyotusaidia kuchagua pikseli 1 au 6 ndiyo hiyohiyo inayomnasa mwongo.

Hii haina maana kwamba picha iliyohaririwa ni uongo. Hata za Webb zimehaririwa: darubini hiyo huona zaidi mwanga usioonekana kwa macho, wataalamu wakaupa rangi, masafa marefu yakawa mekundu na mafupi yakawa ya samawati. Tofauti ni kwamba wanasema walichofanya, na mpangilio wa rangi unafuata mpangilio wa mwanga wenyewe. Basi nasi tufanye hivyo. Ukimaliza, andika chini ya picha: "Anga la kusini kutoka Kizimkazi, katikati ya Mei, saa tatu na nusu usiku. Imetengenezwa kwa GIMP." Maneno hayo hayaipunguzii picha uzuri. Yanamwezesha mwanafunzi wa kidato cha kwanza kuitumia kama ramani, na yanamzuia mwingine kuisambaza kama picha ya kamera.

Kabla hujafungua kompyuta, fanya zoezi moja. Toka nje usiku usio na mwezi, nyoosha mkono, tengeneza duara kwa kidole gumba na cha shahada, uhesabu nyota zilizo ndani yake. Zungusha duara hilo sehemu kumi tofauti, upate wastani. Ukiwa mjini huenda ukapata moja, au sifuri. Namba hiyo ndiyo anga lako la leo, na inafaa kuichora pia.